Kwa nini ukivuka mlango unasahau ulichofuata?

Uko sebuleni, simu sikioni, ukauona uzi unaning'inia kwenye pindo la shati. Ukainuka kwenda chumbani kuchukua mkasi. Umefika, umesimama katikati ya chumba, unatazama kitanda, kabati, dirisha. Nilifuata nini huku? Unarudi sebuleni mikono mitupu, unaketi, na uzi ni ule pale. Aa, mkasi!

Wengi husingizia uzee, lakini mlango nao una lake. Mwaka 2011 Gabriel Radvansky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walichapisha majaribio ambayo watu walibeba vitu kutoka meza moja hadi nyingine, kwanza kwenye kompyuta, kisha katika vyumba halisi. Umbali ulikuwa uleule, ila safari nyingine ilipita mlangoni na nyingine iliishia chumba kilekile. Walipovuka mlango, walisahau zaidi walichobeba. Cha ajabu, kuwarudisha chumba cha mwanzo hakukusaidia. Kwa hiyo nadhani kilichokukumbusha mkasi si sebule, ni uzi.

Maelezo yao ni kwamba ubongo hauiweki siku kama mkanda mmoja mrefu. Huikata vipande vipande, na mlango ni mahali pazuri pa kukatia. Ukivuka tu, yaliyokuwa akilini yanahesabiwa kuwa ya kipande kilichopita.

Tena kumbukumbu na mahali hukaa jirani kichwani. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu za matukio, ndimo John O'Keefe alimogundua mwaka 1971 seli za panya zinazowaka mnyama akifika mahali fulani tu. Akihamia chumba kingine, seli hujipanga upya. Hata kuta zinahusika: boksi alimo panya likirefushwa, eneo linalowasha seli nalo hunyooka kulifuata. Ugunduzi wa seli hizo ulimpa O'Keefe sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014.

Tusiuonee mlango, lakini. Watafiti wa Australia waliurudia mtihani huu na kuchapisha majibu mwaka 2021, safari hii kwa vyumba vinavyofanana. Mlango peke yake haukuwasahaulisha watu. Kusahau kulijitokeza pale akili ilipobebeshwa kazi nyingine kwa wakati mmoja, kama kuhesabu kurudi nyuma.

Nawe ulikuwa na simu sikioni.