Mkoromo wa spika ya paneli si lazima uwe utando uliochanika

Wengi wanaomiliki spika za paneli, yaani spika bapa kama ubao, za Magnepan, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, huamini kwamba mkoromo unaosikika wakati wa sauti nzito ni dalili ya utando uliochanika, na kwamba paneli nzima haina budi kubadilishwa. Mara nyingi sivyo. Ndani ya paneli mna utando mwembamba wa plastiki uliowambwa mbele ya safu za sumaku, na juu yake zimegandishwa nyaya zinazopitisha umeme wa muziki. Gundi inapozeeka, hasa katika spika iliyopigwa na jua kwa miaka mingi, waya huachia mahali fulani na kuanza kuupigapiga utando, ilhali utando wenyewe ni mzima kabisa.

Kabla ya kufungua chochote, badilishanisha nyaya za kulia na kushoto kwenye amplifaya, ya kulia iende kushoto na ya kushoto iende kulia: mkoromo ukihamia spika ya pili, paneli haina kosa. Kaza pia skrubu za fremu. Ukithibitisha kwamba tatizo ni waya, vua kitambaa taratibu, ondoa gundi kuukuu, kisha paka gundi mpya inayobaki na unyumbufu na uiache ikauke vizuri. Gundi inayokuwa ngumu haifai, kwa sababu hupasuka utando unapotikisika.

Spika za elektrostatiki, yaani zinazosukuma utando kwa umeme tuli badala ya sumaku, kama za kampuni ya Quad, hufanana na hizi kwa umbo, lakini hubeba maelfu ya volti. Hizo mwachie fundi aliyezizoea.