Kwa nini resipe ileile hukupa nanochembe za ukubwa tofauti

PEG-PLA ndiyo polima (molekuli ndefu kama mnyororo) ninayopendekeza kwa anayeanza kutengeneza nanochembe, yaani chembe ndogo mno za kubebea dawa. Ndiyo hiyohiyo inayobeba kiambato paklitakseli ndani ya Genexol-PM, dawa ya saratani inayotumika Korea Kusini. Kila mnyororo una vipande viwili: PEG (polietilini glikoli) hupenda maji, PLA (asidi ya polilaktiki) huyakimbia. Ndani ya asetoni vyote huyeyuka. Maji yakiingia, PLA hukusanyika ndani, PEG hubaki nje, na chembe imepatikana.

Yeyusha miligramu 10 za polima katika mililita 1 ya asetoni. Koroga mililita 10 za maji yaliyochujwa kwa kisumaku, kama mizunguko 600 kwa dakika. Zamisha ncha ya sindano karibu na kisumaku, kisha sukuma asetoni bila kusitasita. Maji yakipata usamawati hafifu, mambo ni mazuri. Yakiwa meupe kama maziwa, chembe ni kubwa mno. Endelea kukoroga usiku kucha, chombo kikiwa wazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke, asetoni iishe.

Wengi hulaumu polima wakati kosa liko kwenye mkono. Asetoni ikishaondoka, PLA hukakamaa na mnyororo ulionaswa hautoki tena, kwa hiyo ukubwa wa chembe huamuliwa papo hapo, maji na asetoni vinapokutana. Vikichanganyika polepole, chembe huendelea kumeza minyororo na kunenepa. Ndiyo maana kudondosha maji ndani ya asetoni hakukupi matokeo yaleyale. Ukizidisha polima nayo, utakuta mabonge yameng'ang'ania kisumaku.

Kwenye kipimo cha mtawanyiko wa mwanga, kinachokadiria ukubwa wa chembe kwa jinsi zinavyotawanya mwanga, ogopa vumbi. Chembe yenye kipenyo mara 10 hutawanya mwanga takribani mara milioni moja zaidi, hivyo punje chache tu hupotosha wastani wote. Mimi husisitiza kupima kabla na baada ya kuchuja kwa kichujio cha mikromita 0.22, maana kichujio huficha aibu: namba inapendeza, kumbe nusu ya polima imebaki kwenye utando.

Usizihifadhi majini muda mrefu, hata kwenye friji. Maji huikatakata PLA. Zikaushe kwa kugandisha, lakini tia kwanza trehalosi, kama asilimia 5. Bila sukari hiyo barafu huzisukuma chembe pamoja, na ukirudisha maji hazitawanyiki tena.