Kusita chanjo si kupinga chanjo

Siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi huku kwetu kusini mwa Tanzania, kuanzia Mikindani mpaka Masasi, ukiuliza swali lolote kuhusu chanjo unapachikwa jina: mpinga chanjo. Nimelisoma mno hilo neno, na mara nyingi linampata asiyehusika.

Kusita chanjo, kwa maelezo ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, ni kuchelewa kukubali chanjo au kuikataa ilhali huduma ipo. Mwaka 2019 shirika hilo liliiweka hali hiyo kwenye orodha ya matishio 10 ya afya duniani.

Msiyapite haraka maneno "ilhali huduma ipo". Mama wa kijijini Liwale aliyetembea hadi zahanati akaambiwa chanjo zimeisha, arudi wiki ijayo, huyo hakusita. Alikosa. Hapo pa kulaumiwa ni kwingine kabisa.

Mpinzani naye ni mtu aliyeshaamua, na kazi yake ni kuvuta wengine. Maarufu kuliko wote ni daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, ambaye mwaka 1998 aliandika kwenye jarida la Lancet makala kuhusu watoto 12, akihusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubella na usonji. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010, naye akaondolewa kwenye rejesta ya madaktari. Watu wa namna yake ni wachache, ila mtandaoni wanaonekana jeshi, maana mitandao husukuma mbele kinachobishaniwa. Hata anayekwenda kutukana chini ya klipu anaisaidia kusafiri.

Anayesita yuko katikati, tena kimya. Mchukue mzazi ambaye binti yake amerudi na taarifa ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ile iliyoanza nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Usiku ametumiwa sauti kwamba sindano hiyo inafunga kizazi. Aliyeirekodi hajulikani, lakini anaongea kama shangazi, anaanza na "jamani wanangu". Ufafanuzi rasmi umekuja kama barua iliyopigwa picha, ina muhuri, na kuisoma mpaka uivute kwa vidole viwili. Tangu 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe uliosambazwa sana kutumwa kundi zaidi ya moja kwa mara moja, lakini shangazi yule hana haraka.

Mzazi anaandika kundini: "Samahani mwalimu, naomba kueleweshwa, hii haitamletea shida ya uzazi?" Kabla mwalimu hajashika simu, baba mmoja kashajibu: "Wapinga chanjo mmeshaanza." Vikatuni vya kucheka vinafuata.

Mpinga chanjo gani huyo? Kadi ya kliniki ya mwanawe imejaa: BCG ya kukinga kifua kikuu, matone ya polio, surua-rubella ya miezi 9 na ya miezi 18. Amekwama kwenye sindano moja tu, na swali lake lina jibu. Chanjo hii inakinga dhidi ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Haigusi uwezo wa kuzaa. Saratani yenyewe ndiyo inayoweza kumfikisha mwanamke kwenye kutolewa kizazi. Kuyasema hayo kunachukua dakika moja. Badala yake mzazi anafuta ujumbe wake, na maelezo pekee anayobaki nayo ni ya shangazi. Wapinzani wa kweli, akiwafikia, hawamcheki hata kidogo. Wanamwita dada na kumkaribisha.

Kwa hiyo, baba zangu wa kundini, aliyeomba kueleweshwa ni mtu anayesita, kama ni lazima aitwe kitu. Jibu mkiwa nalo mpeni, na msipokuwa nalo mwelekezeni kwa nesi wa kliniki. Maudhi ya kawaida ya sindano ile, mkono kuuma na homa kidogo, nesi huyo anayaeleza kila mara.