Je, wajua? Anayetajwa kuwa mwandishi wa tamthilia huenda hakuandika kila neno

Tamthilia ya Marekani inapoanza, jina la mwandishi hupita kwenye skrini, na mtazamaji hudhani huyo ndiye aliyeketi peke yake akaiandika mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi sivyo. Si kwamba jina limeibwa, wala hakuna mwandishi halisi aliyefichwa nyuma ya pazia. Jina ni la haki. Kosa ni kulisoma kama jina la kwenye jalada la riwaya. Wapo pia wanaorukia upande wa pili na kusema basi aliyetajwa hana chake pale, na hao wanapotea zaidi.

Chukua Ronald D. Moore, aliyeandikia Star Trek, tamthilia za Marekani za safari za angani, kwa takriban miaka kumi. Mwaka 1988, akiwa hajulikani na mtu, alitembezwa studio ilikopigwa The Next Generation, mojawapo ya tamthilia hizo, akamwachia msaidizi wa Gene Roddenberry, mwasisi wa tamthilia hiyo, skripti aliyokuja nayo. Miezi ikapita. Michael Piller, mkuu mpya wa waandishi, akaikuta kwenye rundo, akainunua. Ilionyeshwa Oktoba 1989 kama sehemu moja ya tamthilia hiyo, kwa jina The Bonding, na mwandishi anayetajwa ni Moore peke yake.

Sasa tazama yaliyoipata njiani. Katika skripti ya Moore, mtoto aliyefiwa na mama yake anamrudisha kwa holodeki, kile chumba kinachounda taswira ya chochote unachotaka. Katika sehemu iliyoonyeshwa, anayemrudisha mama ni kiumbe wa sayari nyingine. Roddenberry naye alipinga wazo zima: watoto wa karne ya 24 wamefundishwa kukipokea kifo, hawaombolezi. Piller akaligeuza pingamizi hilo kuwa hadithi yenyewe: sawa, mtoto halii, na kutolia kwake ndiyo shida ya kutatuliwa.

Kwa nini wafanye hivyo? Msimu ulikuwa na sehemu 26, kila moja kama dakika 45. Peke yako huwezi. Kwa hiyo waandishi hukaa chumba kimoja wakapanga tukio baada ya tukio kwenye ubao: utangulizi mfupi, kisha vitendo vitano, yaani vipande vya hadithi, kila kimoja kikiishia penye matangazo ya biashara. Ndiyo maana kila baada ya dakika chache lazima chombo cha angani kiwe karibu kulipuka. Mmoja hutumwa akaandike, na akirudi nayo mkuu huipitia na kuibadilisha.

Muda ukibana, hata huyo mmoja hatoshi. Yesterday's Enterprise ya mwaka 1990, ambayo mashabiki wengi huihesabu miongoni mwa sehemu bora kabisa, ilibidi ipigwe Desemba kwa sababu ndipo waigizaji Whoopi Goldberg na Denise Crosby walipopatikana. Waandishi wanne, Moore akiwamo, wakagawana vitendo wakati wa mapumziko ya Siku ya Shukrani, sikukuu ya Marekani ya mwishoni mwa Novemba. Ni kama kibanda cha cherehani siku ya kuamkia Idi: huyu anakata, yule anashona mikono, mwingine kola, na fundi mkuu anapitisha sindano yake pote ili kanzu isionekane imetoka kwa watu wanne. Fundi mkuu hapa alikuwa Piller. Jina lake halimo kwenye orodha ya walioandika, kwa kuwa kanuni za chama cha waandishi zinaweka ukomo wa majina.

Kanuni hizo ni utamu wa peke yake. Majina mawili yakiunganishwa kwa alama ya "&", maana yake waliandika pamoja kama timu. Yakiunganishwa kwa neno "and", kila mmoja alifanya kazi yake kivyake, pengine bila hata kuonana.

Mwandishi basi anabaki na nini? Kwa Moore, jibu ni Waklingoni, jamii ya wapiganaji wa sayari nyingine katika Star Trek. Redemption ina jina lake peke yake na Sins of the Father ina majina na mikono mingine pia, lakini heshima, usaliti na siasa za ukoo za watu wale zinamfuata yeye kutoka skripti hadi skripti, hata alipohamia Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek. Na ule mwisho wa The Next Generation, All Good Things..., aliuandika na Brannon Braga kwa "&", kama mwezi mmoja, na mwaka 1995 ukapata Hugo, tuzo ya kazi za bunilizi ya kisayansi. Filamu ya Generations, ambayo wawili hao hao waliisumbukia karibu mwaka mzima, haikupata.