Mashine tupu haisemi ukweli: dhana potofu kuhusu kununua mashine ya kukimbilia nyumbani

Ukienda kununua mashine ya kukimbilia, mara nyingi utaoneshwa ikizunguka tupu. Muuzaji anabonyeza kitufe, mkanda unateleza kimya, namba zinawaka kwenye skrini, na mteja anaridhika. Lakini mkanda usiobeba mtu hauipi mota kazi yoyote ya maana. Kazi inaanza mguu unapotua, na udhaifu wa mota, ubao ulio chini ya mkanda, rola zinazouzungusha na fremu hujitokeza hapo. Dhana nyingi zinazowaponza wanunuzi zinatokana na kuipima mashine bila uzito juu yake, au kusoma namba za kwenye boksi bila kujua zimepimwaje.

Dhana: “Mota ya HP 6 ina nguvu mara mbili ya mota ya HP 3”

HP ni nguvu ya farasi, kipimo cha nguvu ya mota, na jibu linategemea ni HP ya aina gani. Kuna nguvu ya kilele, ambayo mota huifikia kwa sekunde chache kabla ya kupata joto kupita kiasi, na kuna nguvu ya kudumu, ambayo inaweza kuitoa muda wote wa mazoezi. Hii ya pili huandikwa CHP. Boksi likiandika HP peke yake kwa maandishi makubwa, chukulia kwamba ni kilele.

Hesabu ndogo inatosha kukuonesha. HP 1 ni wati 746, kwa hiyo HP 6 ni wati 4,476. Soketi ya volti 230 yenye fyuzi ya ampea 13 haitoi zaidi ya wati 2,990, na ya volti 120 yenye ampea 15 inaishia wati 1,800. Mashine haiwezi kutoa kwa nusu saa nguvu ambayo haiingii kwenye waya wake. Acha boksi, inama usome kibati kilichobandikwa karibu na mahali waya wa umeme unapoingia. Kikisema volti 230 na ampea 6, mashine nzima imekadiriwa kula wati 1,380, na hizo ni chini ya HP 2 hata kabla ya kutoa joto linalopotea.

Kwa mtu wa kutembea tu, CHP 1.5 hadi 2 inatosha. Kwa kukimbia polepole tafuta 2.5, na kwa anayekimbia kweli mara kadhaa kwa wiki, au mwenye mwili mkubwa, 3 kwenda juu. Usihangaike sana na swali la mota ya AC (mkondo geu) au DC (mkondo mnyoofu). AC ni ya mashine za jimu zinazofanya kazi kutwa. Kwa nyumba, DC nzuri inafaa, na hata kelele zake ni ndogo.

Dhana: “Kasi kubwa ndiyo inayochosha mota, na mwinuko ndiyo kabisa”

Hapa wengi hushangaa. Mtu mzito anayetembea polepole kwenye ubao ulio sawa ndiye anayeitesa mota ya DC. Kwa kilomita 2 au 3 kwa saa mota inazunguka taratibu, feni yake nayo inazunguka taratibu, na kila mguu unaotua unaubana mkanda kwenye ubao kama breki. Mota inavuta umeme mwingi huku haipoi.

Mwinuko kwa kweli huipunguzia mota ya mkanda mzigo, kwa sababu uzito wa mtu unasaidia kuusukuma mkanda kurudi nyuma. Anayebeba jukumu la kuinua ni mota nyingine ndogo, nayo hufanya kazi wakati wa kupanda na kushuka tu. Kwa hiyo jaribio la kwanza dukani ni la kasi ndogo. Weka kilomita 2 kwa saa, panda, utembee ukikanyaga kwa nguvu huku umeshika vishikio. Mkanda ukisita kila unapokanyaga, ama mota ni dhaifu, ama mkanda umelegea, ama ubao umekauka. Mashine mpya haipaswi kuonesha hata moja kati ya hayo.

Dhana: “Imeandikwa kilo 120, nami nina kilo 115, basi inanitosha”

Itakubeba, ila itafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake kila siku. Mtu anapokimbia, kila hatua inatua kwa nguvu ya takribani mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Jiachie nafasi ya angalau kilo 20 hadi 30 kati ya uzito wako na kikomo kilichoandikwa. Kisha angalia uzito wa mashine yenyewe, maana namba hiyo si rahisi kuitia chumvi: yenye kilo 45 na inayodai kumbeba mkimbiaji wa kilo 130 inastahili kutiliwa shaka. Kimbia juu yake dakika tano huku mwenzako akitazama nguzo za mbele. Zikiyumba na skrini ikitikisika hadi huisomi, fremu ni nyepesi mno kwako.

Dhana: “Mashine ni kubwa, kwa hiyo pa kukimbilia ni pakubwa”

Vipimo vinavyotangazwa wakati mwingine ni vya jukwaa zima pamoja na kingo za kukanyagia. Chukua futi kamba upime mkanda wenyewe. Kwa kutembea, upana wa sentimita 40 hadi 45 na urefu wa 120 vinatosha. Kwa kukimbia, tafuta upana wa 50 na urefu wa 140, na kama una urefu wa zaidi ya sentimita 180, mkanda uwe na 150 au zaidi. Mkanda mfupi humfanya mkimbiaji afupishe hatua na kukaa karibu mno na skrini, hadi mikono inagonga vishikio.

Kuna kipimo ambacho wauzaji wengi hawakitaji, nacho ni unene wa rola. Rola yenye kipenyo cha sentimita 5 huzunguka takribani mara 1,060 kwa dakika mkanda ukienda kilomita 10 kwa saa. Yenye sentimita 7.5 huzunguka kama mara 710. Beringi zinazozunguka kidogo hudumu, na mkanda unaokunjwa kwenye rola nene haupasuki mapema. Kama kuna mashine mbili zinazofanana kila kitu, chukua yenye rola nene.

Dhana: “Skrini ikisema 10, unakimbia kilomita 10 kwa saa”

Skrini huonesha kile ambacho bodi, yaani saketi ya umeme inayoiongoza mota, inaamini kinatokea. Ukweli unaupima kwa chaki na saa. Mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, pima umbali kati ya katikati ya rola ya mbele na ya nyuma, uuzidishe mara mbili, kisha ongeza mzingo wa rola moja, yaani kipenyo mara 3.14. Huo ndio urefu wa mkanda mzima. Weka alama ya chaki pembeni mwa mkanda, washa, na uhesabu alama inapita mara ngapi kwa dakika moja. Zidisha urefu wa mkanda kwa mita, mara idadi ya mizunguko, mara 0.06. Jibu ni kilomita kwa saa.

Mkanda wa mita 3 kwenye kasi ya 10 unapaswa kupita mara 55 au 56. Hesabu kwanza mkanda ukiwa hauna mtu, halafu mtu akimbie juu yake wewe ukihesabu tena. Tofauti ya mzunguko mmoja isikutie hofu. Lakini ikishuka hadi 50, mkimbiaji anakwenda kilomita 9 huku skrini ikimsifu kwa 10.

Mwinuko nao unapimika. Namba “12” kwenye kitufe inaweza kuwa asilimia 12, au ni ngazi ya kumi na mbili tu isiyolingana na asilimia yoyote. Inua hadi mwisho, pima ncha ya mbele ya mkanda imepanda sentimita ngapi zaidi ya ya nyuma, gawanya kwa urefu uliopo kati yake. Sentimita 15 juu ya 150 ni asilimia 10.

Kuhusu kalori, usinunue mashine kwa ajili ya namba hiyo. Kukimbia hugharimu takribani kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, hivyo mtu wa kilo 70 aliyekimbia kilomita 5 ametumia kama 350. Skrini ikitoa 500, na haikukuuliza hata uzito wako, umeshajua. Anayeegemea vishikio hutumia chini zaidi. Vibati vya mapigo ya moyo kwenye vishikio pia huchanganyikiwa mtu anapokimbia. Mkanda wa kifuani ni wa kuaminika zaidi, kwa hiyo uliza kama mashine inaupokea.

Dhana: “Lazima uweke mwinuko wa asilimia 1 ili ilingane na kukimbia nje”

Ushauri huu una asili ya kweli. Utafiti wa Jones na Doust wa mwaka 1996 ulionesha kwamba asilimia 1 inafidia ukosefu wa upinzani wa hewa, lakini kwa wakimbiaji waliokwenda takribani kilomita 10.5 hadi 18 kwa saa. Kwa anayetembea tofauti ni ndogo mno. Usilipe zaidi kwa sababu hiyo peke yake.

Dhana: “Mashine hizi huharibu magoti” na pacha wake, “zenye springi hulinda magoti”

Zote mbili zinatia chumvi. Ubao wenye mpira chini yake hupunguza kishindo ukilinganisha na lami au zege, lakini hauufuti. Ukiwa laini kupita kiasi, mguu unayumba unapotua. Jaribu ukiwa na viatu vyako vya mazoezi, dakika kumi, si mbili. Mwenye maumivu ya goti tayari amwone daktari kabla ya kununua. Magoti mengi huumizwa na kuongeza umbali haraka, na hilo hutokea popote.

Dhana: “Haihitaji matunzo” au “mafuta yoyote yatafaa”

Kati ya mkanda na ubao kuna msuguano, nao ndio unaoua mashine nyingi za nyumbani. Ubao ukikauka, mota inavuta umeme zaidi, bodi inapata joto, na mwisho inaungua. Fundi akibadilisha bodi bila kugusa ubao, bodi mpya itafuata njia ile ile.

Kinachotakiwa ni mafuta ya silikoni safi, si ya kupikia, si ya injini, wala si ya kupuliza ya kulegeza nati zilizoshika kutu. Hayo huvimbisha au kukausha mkanda na kukusanya vumbi. Kwa mashine nyingi, mililita 15 hadi 30 zikimiminwa chini ya mkanda kila baada ya miezi mitatu zinatosha, ila soma kitabu chake: baadhi zina ubao uliopakwa nta kiwandani na hazitaki mafuta kabisa. Kabla ya kununua uliza yako ni ya kundi lipi, na uone kama skrubu za nyuma za kurekebishia mkanda zinafikika. Mkanda ukielemea kulia, skrubu ya kulia hukazwa robo mzunguko, kisha unasubiri dakika moja. Ukielemea kushoto, ya kushoto. Asiyejua hukaza nusu nzima kila upande na kuziponda beringi.

Dhana: “Ikikunjwa haichukui nafasi”

Ikikunjwa, ndiyo. Lakini utaikimbilia ikiwa imekunjuliwa. Nyuma yake acha mita 2 wazi, na pembeni nusu mita kila upande. Dari pia lipimwe: kwa mtu wa sentimita 178, jukwaa la sentimita 18, mbele ikipanda 18, na sentimita 15 za kuruka katika kila hatua, tayari ni 229. Kama kuna feni juu, hesabu kuanzia kwenye mapanga yake.

Dhana: “Umeme ni umeme”

Mashine ya volti 110 hadi 120 ikichomekwa kwenye 220 hadi 240, bodi inaungua papo hapo, na dhamana haitakusaidia. Chomeka moja kwa moja ukutani, kwenye soketi yenye waya wa ardhi. Waya mwembamba wa kuunganishia huangusha volti, na mota hufidia kwa kuvuta ampea zaidi. Na ukisoma dhamana, usikomee kwenye maneno “mota maisha yote”. Tazama miaka ya bodi na ya kazi ya fundi, maana bodi hutangulia kufa.

Dhana: “Iliyotumika ikiwa inang’aa ni nzima”

Vumbi hufutwa kwa kitambaa, ubao haufutiki. Chomoa umeme, ingiza mkono chini ya mkanda katikati: ukigusa mifereji au sehemu iliyochubuka, ubao umekwisha. Mkanda ukivutwa juu katikati ya jukwaa unapaswa kuinuka kama sentimita 5 hadi 7. Iulize skrini jumla ya kilomita na saa kama inazitunza. Kimbia dakika 20, kisha nusa karibu na kifuniko cha mota; harufu ya kuungua inamaliza mazungumzo. Mkanda mpya kabisa juu ya mashine ya zamani unahitaji maelezo, kwa sababu huenda umefunika ubao uliokwisha.

Dhana: “Ufunguo wa usalama ni wa mapambo”

Bana kamba yake kwenye nguo, tembea kwa kilomita 3, kisha rudi nyuma taratibu hadi ufunguo uchomoke. Mkanda usiposimama, usiinunue. Mwezi Mei 2021, kampuni ya Peloton na tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani walitangaza kurudishwa kwa mashine yake ya kukimbilia, Tread+, baada ya mtoto wa miaka sita kufariki na taarifa nyingine nyingi za watu, wanyama na vitu kuvutwa chini ya sehemu ya nyuma. Kwa hiyo mashine inapokuwa bado dukani, chuchumaa nyuma yake utazame upenyo ulioko kati ya mkanda na sakafu, na kama kuna kizuizi. Nyumbani, mazoezi yakiisha, chomoa waya, na ufunguo uuweke mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.