Uganda haibadilishi saa, lakini seva yako inaweza kubadilisha

Jumatatu moja mwishoni mwa Oktoba, mtunza fedha wa SACCO moja hapa Kampala aliitwa na mkaguzi wa hesabu. Mezani kulikuwa na risiti iliyosomeka 07:12, na pembeni yake daftari la mlinzi, lililoonyesha kwamba mlango ulifunguliwa 07:55. Dada wa watu akaulizwa: pesa hizi ulizipokelea wapi, na ofisi ilikuwa bado imefungwa? Hakuwa na la kujibu. Alizipokea saa mbili na dakika kumi na mbili, dirishani pake, kama siku zote. Aliyekosea ni seva, ile kompyuta kuu inayoendesha mfumo wa ofisi.

Niliitwa kesho yake. Tangu hapo nimekutana na kosa hilohilo mara kadhaa, na karibu kila mara chanzo chake ni dhana zilezile.

“Sisi hatusogezi saa, hayo ni mambo ya Ulaya”

Nusu ya kwanza ni kweli. Mstari wa ikweta unapita Kayabwe, pale barabara ya Masaka wasafiri wanaposimama kupiga picha, na mchana wetu haupungui wala hauongezeki kiasi cha mtu kujisumbua. Uganda inatumia Saa za Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya UTC (saa ya kipimo ya dunia nzima, ambayo wengi bado huiita GMT), miezi yote 12.

Lakini seva haijui imewekwa Nakasero au wapi. Inafuata jina la mahali lililoandikwa ndani yake. Ile ya SACCO iliandikwa Athens. Aliyeifunga aliifunga Julai, akatazama saa ya ukutani, akatazama skrini, akaona zinalingana, akaondoka. Ugiriki wakati wa baridi iko saa mbili mbele ya UTC, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi inasogeza saa ikawa tatu, sawasawa na Kampala. Jumapili ya mwisho ya Oktoba inarudi. Kwa hiyo alfajiri ya Jumapili ile, Kampala ilipofika saa kumi, seva ilirudi nyuma saa nzima bila mtu kuigusa. Helsinki na Bucharest zina mtego huohuo, na Misri nayo imerudia kusogeza saa tangu 2023.

Ndiyo maana saa kuwa sawa leo si ushahidi wa kutosha. Uliza seva imeandikiwa mahali gani. Kwenye Linux ni `timedatectl`, na jibu liwe `Africa/Kampala`. Kwenye Windows ni `tzutil /g`, na jibu liwe `E. Africa Standard Time`. Orodha ya Windows haina Kampala, ina Nairobi. Ichague bila wasiwasi. Kuna mafundi wanaodhani ni makosa kuweka Nairobi kwenye mashine ya Uganda, lakini hata katika hifadhidata ya saa za dunia inayotumiwa na Linux, Kampala siku hizi ni jina linaloelekeza kwenye kanuni za Nairobi.

“Ikikosea, isogeze tu kwa mkono”

Kijana wa IT wa pale alikuwa ameshafanya hivyo kabla sijafika. Risiti zikakaa sawa, mengine yakaharibika.

Ndani kabisa, seva inahesabu wakati kwa UTC. Linux, kwa mfano, inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Saa unayoisoma kwenye skrini ni hesabu hiyo ikiongezewa kanuni ya mahali. Kanuni ikiwa mbaya, hesabu bado ni nzima. Ukisogeza saa kwa mkono, unaiharibu hesabu yenyewe iliyokuwa sahihi, na kanuni mbaya unaiacha palepale.

Matokeo yake tuliyaona mchana uleule. Namba za siri za simu, zile zinazobadilika kila sekunde 30, zikakataliwa. Watumishi wakashindwa kuingia kwenye mtandao wa ofisi, kwa sababu Active Directory, mfumo wa Windows unaohakiki majina na nywila za watumishi, isipobadilishwa, huvumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya mashine na mashine, na hapa palikuwa na 60. Mhasibu alidhani amesahau nywila. Akaibadilisha mara mbili, maskini.

“NTP itanyoosha yenyewe”

NTP, huduma inayorekebisha saa ya kompyuta kupitia mtandao, huleta UTC tu. Haibebi saa za eneo, yaani ile kanuni ya mahali, haijui majira ya joto ya mtu. Pale SACCO ilifanya kazi yake vizuri mno: usiku ikairudisha hesabu mahali pake, na asubuhi risiti zikawa nyuma tena kwa saa moja.

“Kampala ni GMT+3, basi chagua GMT+3”

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inatunasa sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wengine.

Kwenye Linux kuna chaguo liitwalo `Etc/GMT+3`. Kwa desturi ya zamani ya Unix, alama hapo zimegeuzwa: jumlisha maana yake ni magharibi ya Greenwich. Kwa hiyo `Etc/GMT+3` iko saa tatu nyuma ya UTC, upande wa Buenos Aires, na kutoka Kampala ni saa sita kamili.

Sasa fikiria. Sisi jua likichomoza tunaanza kuhesabu moja, na saa yetu ya mdomoni hupishana na ya kizungu kwa saa sita hizohizo. Ikifika 09:00 Kampala, seva ya namna hiyo inaonyesha 03:00. Fundi anatazama, anasema moyoni “saa tatu, sawa,” anafunga kompyuta. Waganda nao kwa Luganda huhesabu vilevile, kwa hiyo chumba kizima kinaweza kutazama skrini na kukubaliana. Nakala rudufu iliyopangwa 02:00 usiku inaanza 08:00 asubuhi, foleni ikiwa mlangoni na mfumo ukitambaa. Na kuanzia usiku wa manane hadi 06:00, kila kinachoandikwa kinapewa tarehe ya jana.

Katika kazi hii mimi huandika saa kwa tarakimu nne daima, 09:00, 21:00, hata kwenye ujumbe wa WhatsApp kwa mwenzangu. Saa tatu tuiseme kwa mdomo.

Ukubwa wa kosa wenyewe hukuonyesha pa kuanzia. Saa moja kamili iliyotokea ghafla mwishoni mwa Oktoba: tafuta mji wa Ulaya. Saa tatu: seva iko kwenye UTC, au London wakati wa baridi. Sita: `Etc/GMT+3`. Saba au nane: New York. Kama ni dakika chache, NTP imekatika. Kama ni miaka, umeme ulikatika na betri ndogo ya kwenye ubao mama imekufa.

“Nimebadilisha saa za eneo, nimemaliza”

Bado. Programu nyingi husoma saa za eneo zinapowashwa tu, kwa hiyo zima na uwashe `cron`, inayoanzisha kazi zilizopangiwa saa, na hifadhidata ya MySQL. Lugha ya programu ya PHP ina mpangilio wake, `date.timezone`, na hifadhidata ya PostgreSQL ina wake. Java, lugha nyingine ya programu, hubeba hifadhidata yake yenyewe ya saa, isiyosasishwa pamoja na mfumo endeshi. Masasisho hayo yana maana hata kwetu: tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Anayepeleka mizigo Juba kupitia mpaka wa Elegu na ana seva isiyosasishwa tangu kabla ya hapo, saa zake za kufika malori zina kosa la saa nzima.

Pale SACCO tuliandika `timedatectl set-timezone Africa/Kampala`, tukaacha NTP ikiwaka, tukawasha upya huduma moja moja, tukachapa risiti ya majaribio tukiwa tumeishika simu pembeni.

Zilizobaki ni risiti za siku zile. Meneja alitaka tuongeze saa moja kwenye hifadhidata, mambo yaishe. Nilikataa, kwa kuwa zile zilizochapwa baada ya saa kusogezwa kwa mkono zilikuwa sahihi, na kuzigusa zote kungezaa kosa jipya. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja: kosa lilianza dakika gani, likaisha dakika gani, risiti namba ngapi hadi ngapi zimeguswa. Mkaguzi akaisaini, mtunza fedha akapewa nakala. Risiti ya 07:12 bado iko kwenye faili, na barua imebanwa juu yake.