Urais si nafasi pekee yenye nguvu chuoni

Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Tanzania huamini kwamba anayetaka kuleta mabadiliko lazima agombee urais wa serikali ya wanafunzi. Imani hiyo inaeleweka: rais ndiye anayeonekana, na mabango ya kampeni ni yake.

Lakini bajeti kwa kawaida hupitishwa na bunge la wanafunzi. Mbunge wa kitivo au bweni anaweza kuhoji matumizi na kuikwamisha bajeti, kazi isiyopigiwa makofi. Waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi, kwa upande wake, mara nyingi huteuliwa na rais, hapigiwi kura. Na hatoi mkopo, hufuatilia tu majina na malalamiko. Wagombea wengi hukwama hapo: huahidi wasichokuwa na mamlaka nacho.

Kabla ya kuchukua fomu, omba katiba ya serikali ya wanafunzi kwa mshauri wa wanafunzi. Soma sura ya madaraka, kisha sifa za mgombea, hasa kiwango cha GPA (wastani wa alama) na mwaka wa masomo. Halafu tafuta kumbukumbu za vikao vya bunge lililopita uone nani hasa aliamua nini.